Nilimwita Mdogo Wangu Mwizi wa Masega

Sehemu ya sita

Kama wiki iliyopita hukuwa nami, hukukosa jambo la kujivunia. Nilimfukuza mdogo wangu Nikolao pale kituo cha mabasi Newala, saa nne asubuhi, mbele ya abiria wake. Nilimpokonya funguo za gari langu la abiria, Noah, na kumwita mwizi.

Asiyejua magari nimweleze. Masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi, chini ya gari. Ndani lina vitundu vingi kama masega ya nyuki, na kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka. Vitundu hivyo vimepakwa madini ghali. Ndiyo maana kuna watu wanazunguka Masasi na mizani wakinunua masega ya magari mabovu, na wengine wao hawaulizi kama gari ni bovu kweli.

Mwezi wa saba gari langu lilikosa nguvu. Fundi wa Newala akafungua kopo, akakuta vitundu vimevunjika na nusu havipo. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwona Nikolao Masasi akicheka na mmoja wa wale wenye mizani. Sikuhitaji shahidi mwingine.

"Dada, haki ya Mungu, sijagusa," alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimjibu, na watu wakacheka.

Akaondoka na begi moja la mgongoni kwenda Lupaso, kwa wakwe zake. Mimi nikanunua masega mengine ya mtumba, yakafungwa, nikaanza kuendesha mwenyewe. Leseni ninayo tangu enzi za Fortunatus, baba wa binti yangu Flora, kabla hajahamia Tunduru kwa mke mwingine. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa usukani wa gari lile. Lishikeni hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Miezi miwili na nusu ikapita. Flora akapata mchumba, kijana mwalimu anayeitwa Emmanuel. Washenga wakatuma salamu kwamba Jumamosi wataleta barua ya posa.

Hapo ndipo mzee Selestini alipokuja nyumbani kwangu Makote. Huyu ni mjomba wetu, mimi na Nikolao, kaka wa marehemu mama yetu. Kwetu barua ya posa haipokelewi na baba wa binti. Inapokelewa na mjomba wake, mkono kwa mkono, juu ya mkeka. Na mjomba wa Flora ni mmoja tu duniani: Nikolao.

"Neno la wizi liko wazi," mzee alisema. "Siwezi kumkalisha Nikolao kwenye mkeka neno likiwa wazi. Njia ni mbili. Wewe ufute ulichosema, au yeye akiri, asamehewe, tuzike neno."

"Hata nikifa, sifuti," nikamjibu.

"Basi lisipokwisha mpaka Alhamisi, barua haipokelewi katika nyumba hii."

"Mwenye makosa ndiye akiri, mjomba. Mimi sina kosa."

Hayo niliyasema Jumapili. Jumatano mimi na Flora tukateremka Masasi kununua mchele, soda na vitambaa vya Jumamosi.

Kurudi, tulipoanza kupanda kuelekea Newala, gari likaanza kupumua kama mgonjwa wa pumu. Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Likapiga kelele tu, mwendo hakuna. Bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mihogo ikatupita, na mwenyewe akageuka kututazama. Taa ya njano ya injini ilikuwa inawaka tangu asubuhi, mimi nimeifunika kwa kipande cha plasta.

"Mama, linanuka tena mayai viza," Flora akasema.

"Ni salfa." Msimu wote nilibeba mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kwenye gari lile, na salfa mnaijua harufu yake.

"Salfa tulishusha mwezi wa nane, mama. Na ndani ulipaosha mwenyewe kwa sabuni."

Nikageuza gari tukarudi Masasi.

Gereji iliyokuwa karibu ni ya fundi Salmini, upande wa mlimani. Sikuwahi kumpelekea gari kwa sababu moja: Nikolao alikuwa akimsifu. Mtu anayesifiwa na mwizi, nilijiambia, lazima wanagawana.

"Shikamoo baba," Flora alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ni Mama Flora mwenyewe, au nimekosea? Noah hii naijua. Nikolao yuko wapi siku hizi?"

"Yupo," nikasema. "Fundi, ugonjwa nimeshaujua. Ni masega. Ya kwanza yaliibwa, ya pili walinifungia mabovu. Yatoe, uniachie bomba tupu. Wenzangu wote wanafanya hivyo."

Salmini akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mama Flora, wewe umekuja na jibu. Mimi naanza na swali. Tuvumiliane."

Akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akasoma.

"Inasema masega hayafanyi kazi."

"Si nimekwambia?"

"Mashine inasema panapouma. Haisemi pameumwa na nini."

Akaingia chini ya gari. Akafungua sensa, kile kifaa cha kunusa moshi kilicho mbele ya masega, akafunga geji ya presha pale pale kwenye tundu lake, akamwambia Flora akanyage mafuta. Mshale ukapanda, ukakataa kushuka. Akaniita niweke kiganja nyuma ya bomba la moshi. Injini inanguruma, lakini kiganjani pumzi ilikuwa ndogo.

"Moshi hauna pa kutokea," akasema. "Injini inakabwa koo. Ndiyo maana mlima umekushinda."

Akafungua kopo. Akalishika juu, akamulika tochi upande mmoja na kuniambia nitazame upande wa pili. Sikuona mwanga. Vitundu vilikuwa vyeusi, vimeziba, na katikati vimeyeyuka vikashikana.

"Haya hayajaibwa," Salmini akasema.

"Haya, ndiyo. Lakini ya kwanza yaliibwa. Tulikuta nusu."

"Nusu vipi?"

"Vitundu vimevunjika, nusu havipo."

Akaliweka kopo chini. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ndivyo yanavyokufa, mama. Mafuta yasiyoungua vizuri kwenye injini yanakuja kuungulia humu. Moto unakuwa mkali, vitundu vinayeyuka, vinavunjika, vipande vinasukumwa na moshi kwenda nje. Ukifungua unakuta nusu. Mwizi hachukui nusu. Mwizi anakata kopo zima kwa msumeno na kuondoka nalo."

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya tairi.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba?"

"Kuna aliyeua. Masega hayafi kwa uzee ndani ya miezi miwili. Nikikufungia mengine bila kumjua aliyeua haya, Krismasi utarudi hapa."

Na miezi hiyo yote aliyeshika usukani ni mimi peke yangu.

Salmini akafungua plagi. Zote zilikuwa na masizi meusi yenye mafuta mafuta. Akanusa moja. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena.

"Unaongeza oili mara kwa mara?"

"Hapana. Haipungui."

"Naona. Iko pale pale. Basi oili iliyo kwenye plagi haitoki kwenye injini." Akatulia. "Petroli unatia wapi?"

"Kituoni, Newala."

"Na pengine?"

Flora aliinamisha kichwa. Mtoto alijua kabla yangu.

"Na nyumbani," nikasema.

Salmini alichukua mpira mwembamba, akanyonya petroli kutoka kwenye tanki langu hadi kwenye chupa ya maji. Akaleta na chupa nyingine, petroli ya kituoni. Akatandika karatasi nyeupe juu ya boneti, akadondosha matone hapa na matone pale. Tukasubiri jua lifanye kazi yake. Tone la kituoni likakauka, karatasi ikabaki nyeupe. Tone langu likaacha doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

"Mama Flora, gari yako inakunywa mafuta ya mashine ya kupulizia mikorosho."

Wasomaji wa huku kwetu wameshanielewa. Wa mbali niwaeleze, na hapa ndipo ninapojivua nguo.

Zile mashine za kubeba mgongoni tunazopulizia salfa hazitumii petroli tupu. Petroli yake inachanganywa na oili. Watu wengi wanachanganya kidogo kidogo, kila wanapojaza. Mimi nilikuwa nachanganya madumu yote siku ya kwanza ya msimu, kwa mkono wangu, mlango nimefunga. Unajua kwa nini? Ili vibarua wasiniibie. Petroli tupu wanawauzia bodaboda, ila iliyochanganywa bodaboda hawaitaki. Nilijiona mwerevu kuliko Makote nzima.

Makote hakuna kituo cha mafuta. Siku moja mwezi wa tano tanki likawa tupu, na dumu likawa karibu. Nikamimina lita tano. Gari likawaka. Wiki iliyofuata nikamimina kumi. Nikajiambia oili kidogo haijawahi kuua injini, tena inailainisha. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, na mimi huwa nasadiki kila ninachojiambia.

Na Nikolao aliniuliza. Hili sikuliandika wiki iliyopita, kwa sababu niliona aibu. Mwezi wa sita, asubuhi, gari likiwa linatoa moshi wa buluu uani, aliniuliza, "Dada, gari unalitilia nini usiku mimi nikilala?"

Nikamjibu, "Natia petroli niliyoinunua kwa korosho zangu. Wewe umewahi kulitilia nini zaidi ya makalio yako?"

Akacheka kidogo, akachukua ndoo akaenda kuosha vioo.

Hayo yote yalinirudia pale juu ya tairi. Niliyekuwa nalinda petroli asiibe mtu, petroli hiyo hiyo ndiyo iliyoyeyusha masega. Niliyemfukuza mdogo wangu kwa wizi, mwizi mwenyewe nilikuwa namwona kila asubuhi kwenye kioo cha pembeni. Nililia. Flora alisogea akasimama kati yangu na watu waliokuwa wakipita.

"Usilie, Mama Flora," Salmini akasema. "Gari inapona."

Kweli ilipona. Alimwaga tanki lote, akalisuuza kwa petroli safi, akafunga plagi mpya. Masega alikuwa nayo, ya Noah iliyoanguka, akayamulika tochi mbele yangu nikaona mwanga upande wa pili. Akayafunga na gasketi mpya, akarudisha sensa, akafuta taa ya njano kwa mashine yake. Akabandua na ile plasta yangu, akanipa mkononi.

"Ya bomba tupu tuyaache," akasema. "Moshi ungewaingilia ndani, na ugonjwa ungebaki vile vile kwenye tanki. Ila madumu yako, mama, yaandike kwa rangi nyekundu."

Tukapanda. Gari lilipanda kama halijui kuna mlima. Sikupata furaha hata ya kutosha kijiko.

"Kesho alfajiri naenda Lupaso," nikamwambia Flora. "Halafu naenda kwa mjomba Selestini, nafuta niliyosema."

Tulipofika juu tambarare, Flora akaniuliza.

"Mama, si ungesubiri Jumamosi ipite?"

"Mjomba wako ametukanwa bure, Flora."

"Najua. Lakini ukisema sasa, wazee watataka kukaa vikao. Vikao vya huku havina mwisho. Kina Emmanuel wakisikia kuna vikao watasema tuna mambo. Anayeolewa ni mimi, mama."

"Na aliyetukanwa ni ndugu yangu."

"Miezi miwili hukumwita ndugu yako."

Mtoto niliyemzaa. Na alikuwa amesema kweli.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa Lupaso. Nikolao nilimkuta kwenye mikorosho ya wakwe zake, ameinama, anaokota korosho na kuzikonyoa kutoka kwenye mabibo. Alikuwa amepungua. Shingo ya shati ilikuwa imemzidi.

"Shikamoo dada," akasema, bila kuinuka.

"Marahaba. Nikolao, nimekuja kukwambia neno."

"Umechelewa, lakini karibu."

Nikapiga magoti pale pale kwenye majani makavu. Sikujua lingine la kufanya.

"Inuka, dada. Wakwe zangu wanaangalia."

"Hukuiba. Nimejua jana. Ni mimi, niliua masega kwa petroli ya salfa. Nimekuja kuomba radhi, na nikitoka hapa naenda kwa mjomba Selestini kufuta maneno yangu."

Aliacha kuokota. Akakaa chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Jana nilikuwa Makote," akasema.

"Kwangu?"

"Kwa mjomba. Wewe ulikuwa Masasi. Tulikwenda makaburini, mimi na yeye, na unga wa mtama. Nikamwaga unga kwenye kaburi la mama, nikasema nilichukua masega ya dada yangu, naomba nisamehewe. Mjomba akanisamehe kwa niaba ya ukoo."

Nikasogea karibu naye.

"Lakini hukuchukua, Nikolao."

"Sikuchukua."

"Kwa nini ukasema?"

"Njia zilikuwa mbili. Moja uliifunga wewe. Flora alinipigia simu Jumatatu analia. Ningefanyaje? Ni mpwa wangu. Nimembeba mgongoni, yule."

Ndipo nilipoelewa kwa nini jana Flora hakuihofia Alhamisi ya mjomba.

"Nitamwambia mjomba ukweli. Leo hii."

"Utamwambia nini? Kwamba nimesimama juu ya kaburi la mama nikamdanganya? Jana nilikuwa mwizi, dada. Mwizi husamehewa, nimeshasamehewa. Ukisema leo, nitakuwa mtu aliyedanganya wafu. Hilo nani atanisamehe?"

Kwetu hilo si neno la mchezo, hata kwa sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza mwishowe. "Ule moshi wa buluu ulikuwa umeuona. Ulijua ni petroli yangu. Kwa nini hukusema siku ile kituoni?"

"Nilisema."

"Hukusema."

"Nilisema, dada. Watu walikuwa wanacheka."

Akaniomba jambo moja tu. Jumamosi, mjomba akiuliza kama kuna neno, niseme halipo. Yeye apokee barua ya Flora, ale wali, arudi Lupaso.

Sasa niwaambie lililo chafu zaidi. Nilikuwa nimekwenda pale kubeba mzigo wangu, na yeye akanitua. Njia nzima ya kurudi nilisema naumia, na niliumia kweli. Lakini chini ya maumivu nilipumzika. Ningekaa mbele ya wakwe zangu nikiwa mama wa watu, mwenye ndugu aliyeteleza akasamehewa. Ni sura nzuri. Mtu anaweza kuizoea.

Jumamosi wageni wakafika saa nane mchana. Mkeka ukatandikwa sebuleni. Upande mmoja akakaa mzee Ladislaus, mshenga wao, na wenzake watatu, na barua kwenye sahani, imefunikwa kitambaa cheupe. Upande wetu mzee Selestini, na kuliani kwake Nikolao, amevaa shati la kuazima. Mimi nilikaa karibu na mlango wa chumbani. Nyuma yangu lilikuwa pazia, na nyuma ya pazia alikuwa Flora.

Salamu zikaenda, zikarudi. Habari za Newala, habari za mvua, habari za korosho. Ndipo mzee Selestini akanigeukia.

"Kabla mgeni hajafungua mdomo, nyumba hujisafisha. Mama Flora, katika nyumba hii lipo neno?"

Nikolao hakunitazama. Alikuwa anatazama sahani.

"Halipo," nikasema.

Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Ndilo linaloniuma mpaka leo ninapoandika.

"Neno halipo," mzee Selestini akarudia. "Wageni, tunawasikiliza."

Mzee Ladislaus akakohoa. Alikuwa mtu mpole, wa kusema taratibu.

"Mtusamehe, wazee wenzetu. Kwenu halipo. Kwetu lipo dogo."

Akaisogeza sahani karibu na goti lake.

"Mtoto tunampenda. Mama yake tunamheshimu, mwanamke aliyesimama peke yake na mali yake, hata ikaibwa na wa kwake akavumilia. Ila Makote ni ndogo. Tumesikia nani alikwenda kaburini Jumatano na alikiri nini. Sisi hatuvunji uchumba kwa hilo. Tunaomba tu, kwa heshima, barua ya kijana wetu isiwekwe katika mkono huo. Kesho na keshokutwa watoto wakizaliwa, wataulizwa nani alimpokelea mama yao."

Mzee Selestini angesema nini? Alikuwa amelisikia ungamo kwa masikio yake.

Nikolao ndiye aliyejibu.

"Msisumbuke, wazee. Mzee atapokea." Akaweka mkono kwenye mkeka, akainuka. "Mimi nilikuja tu kumwona mtoto."

Akaanza kupita kati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni, akiomba samahani kwa kila mmoja. Nao wakawa wanasogeza miguu, kama unavyosogeza mguu ndoo ya maji machafu ikipita.

Mimi sikupanga. Nawaapia sikupanga. Nilijikuta nimesimama, kanga imenidondoka begani, na ulimi tayari umeshalibeba neno.

Ndipo mkono ukatoka chini ya pazia, ukaishika sketi yangu kwa nyuma, ukaivuta.

"Mama, kaa," Flora alinong'ona. "Mjomba ameshazoea."

Mlangoni Nikolao alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya wageni. Mzee Selestini alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, anasubiri sahani. Lakini mzee Ladislaus sahani alikuwa hajaitoa. Alikuwa ananitazama mimi niliyesimama.

"Mama Flora," akaniuliza kwa upole, "ulitaka kusema neno?"